Macho ya Mbwa: Maradhi Yake na Namna ya Kuyatunza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Masukulu, Wilaya ya Rungwe)



Tulipoletewa barua ya Bwana Katibu ya kututaka tuseme neno mbele yenu, tulidhani ya kuwa mngependa kusikia habari za pensheni, au za likizo, au za kupandishwa vyeo, maana hayo ndiyo yazungumzwayo zaidi kila tukutanapo makarani. Walakini habari hizo zina wasemaji wengi, na majibu yake hayamo mikononi mwetu. Basi tumechagua neno dogo ambalo kila mtu aliyemo humu aweza kulitenda jioni hii arudipo kwake, nalo ni kutazama macho ya mbwa wake.

Twajua wapo watakaocheka. Karani mwenzetu mmoja, alipopata habari ya hotuba hii, alituuliza kama macho ya watu yamekwisha kutibiwa yote hata tukawafikia mbwa. Jibu letu ni kwamba hapa kwetu Masukulu mbwa si pambo la nyumba. Ndiye awafukuzaye ngedere wasimalize mahindi na ndizi, ndiye abwekaye usiku mwizi akaribiapo zizi, na mwenye nyumba akiwa safarini kwa kazi ya Serikali, mbwa ndiye mlinzi aliyebaki na mama na watoto. Mbwa kipofu hawezi kazi hiyo. Na mbwa mwenye maumivu ya jicho, hata akiwa mpole miaka yote, aweza kumwuma mtoto amshikaye kichwa. Tena yako maradhi ambayo jicho huwa ni dirisha lake tu, ugonjwa wenyewe umo katika damu.

Sisi si waganga wa mifugo, wala hatukusomea kazi hiyo. Tuliyo nayo tumeyapata kwa kuuliza, kwa kusoma, na kwa hasara. Na kwa kuwa hasara ndiyo iliyotufundisha zaidi, tutaanza nayo.

Tulikuwa na mbwa, jina lake Askari. Siku moja ya majira ya mvua alitoka katika shamba la mahindi amefumba jicho la kushoto, na machozi yakimtoka. Tukadhani ni mdudu. Siku ya pili jicho likawa jekundu. Rafiki yetu, kwa wema wake, akatupa chupa ndogo ya dawa ya matone iliyombakia tangu siku alipougua macho yeye mwenyewe. Tukaitia mara tatu kila siku. Wekundu ukapungua kweli, nasi tukafurahi na kumsifu rafiki. Siku ya nne tukaona doa la kijivu katikati ya kioo cha jicho, laini kama ute wa yai. Siku ya sita jicho likatoboka. Afisa Mifugo alipokuja hakutazama mbwa kwanza, aliomba chupa. Akaisoma, kisha akatuonyesha kwa kidole neno lililopigwa chapa kwa herufi ndogo mno: deksamethazoni.

Dawa hiyo ni ya jamii ya steroidi. Hupoza uvimbe na wekundu, na katika magonjwa mengine ya macho yafaa sana. Lakini jicho likiwa na kidonda, dawa hiyo huzuia kidonda kupona na kuwapa vijidudu nafasi, hata kioo cha jicho huyeyuka. Jani la hindi lilikuwa limemkwaruza Askari, basi. Mkwaruzo mdogo wa juu, jicho likitunzwa safi, aghalabu hupona kwa muda wa juma moja. Lau tungalimpeleka siku ya pili angalikuwa na macho mawili hata leo. Sisi tuliozoea kusoma kila waraka tangu kichwa chake mpaka sahihi ya chini hatukusoma kikaratasi cha chupa.

Kwa hiyo neno la kwanza tunalowaomba mlishike ni hili: dawa yo yote ya macho ambayo katika majina yake mna deksamethazoni, haidrokotizoni, betamethazoni au prednisoloni, isiingie katika jicho la mbwa mpaka mganga wa mifugo amelitazama. Yeye anayo rangi iitwayo fluresini. Akiitia jichoni kisha akaisafisha kwa maji, pale penye kidonda rangi hushika na kung'aa kijani. Ni kazi ya dakika chache.

Sasa tuseme namna ya kutazama. Lakini kabla ya kumshika mbwa ye yote, jiulize kwanza kama tabia yake imebadilika. Mbwa aliyekuwa mkali akawa mpole ghafula, au mpole akawa mkali, ambaye taya lake limelegea, mate yanamtoka, sauti imebadilika, anayumba, au macho yamekodoka na kukengeza, huyo usimfungue kinywa wala jicho. Huenda ni kichaa cha mbwa. Kadirio lililochapishwa mwaka 2002 lilisema watu wapatao 1,500 hufa kila mwaka katika Tanzania kwa ugonjwa huo, na dalili zake zikisha kumtokea mtu hakuna dawa ya kumponya. Mfungie mahali pasipo na watoto, umwite Afisa Mifugo. Akikuuma, au mate yake yakiingia katika mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile upate chanjo, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Wala mbwa asiye na chanjo ya kila mwaka hana haki ya kutibiwa macho nyumbani kwako. Aanze na chanjo.

Mbwa akiwa mzima wa akili, mtu anayemzoea amshike, na ukanda wa kitambaa umfunge mdomo kwa muda mfupi, mradi apumue vyema. Msimamishe mahali penye mwangaza, utazame macho yote mawili kwa kulinganisha moja na mwenzake, maana jicho zima ndilo kipimo cha jicho gonjwa. Je, yako wazi sawasawa? Weupe ni mweupe, au umejaa mishipa myekundu? Kioo kinang'aa, au kina ukungu? Mboni za macho zalingana? Kisha ingia naye mahali pa giza, mmulike kwa tochi: mboni ya jicho zima hujibana mara moja. Mwisho dondosha kipande cha pamba mbele ya uso wake. Pamba haina kishindo. Mbwa anayeona huifuata kwa macho, na asiyeona hatajua kuwa imeanguka. Njia hii twaipenda sana, kwa sababu mbwa wengi vipofu huwadanganya wenyewe kwa kuwa masikio na pua zao zawatosha kutembea nyumbani walikozoea.

Dalili za maumivu ni kufumba jicho, kutoa machozi mengi, kukimbia mwanga, na kusugua uso kwa ukucha au ardhini. Mbwa mwenye dalili hizo asingojewe mpaka mwisho wa mwezi. Machozi mepesi bila wekundu yaweza kuwa vumbi au moshi wa jikoni. Tongotongo nyeupe au za kijivu kidogo asubuhi si ugonjwa. Zikiwa za manjano au za kijani, hapo kuna usaha. Na zikiwa nzito, za kunata kama gundi, kila siku, na kioo cha jicho kimekosa mng'ao, huenda machozi yenyewe yamekauka, na ugonjwa huo hutibiwa kwa miezi na miaka, si kwa siku tano.

Katika kutibu, kilicho katika uwezo wetu ni usafi na kinga. Chemsha maji, nusu lita, utie chumvi kijiko kidogo cha chai kisawazishwe juu, yapoe. Osha kwa pamba safi tokea kona ya ndani kwenda nje, na kila jicho lipate pamba yake. Kama kuna usaha na jicho moja halikuumia kwa kitu, mafuta ya tetrasaiklini ya macho ya asilimia 1, yale yale ambayo watu hupewa kwa trakoma, yaweza kutumika: vuta kope la chini, paka kiasi cha punje ya mchele bila ncha ya mrija kugusa jicho, mara tatu au nne kwa siku. Siku mbili zikipita bila nafuu, au jicho likigeuka rangi, acha uganga wako. Mzuie asijikune, ndoo kuukuu ya plastiki iliyotobolewa chini na kuvishwa shingoni yafaa kama ile kola inunuliwayo mjini, ijapokuwa majirani watacheka.

Na yasitiwe mengine. Tumeona kwa macho yetu watu wakipuliza unga wa sukari, wakikamua majani, wakitia maji ya tumbaku. Vidonge vya watu vya kutuliza maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, navyo visipewe mbwa, maana humtoboa tumbo na kumharibu figo.

Ama kwa habari ya nyoka. Wenyeji wa nchi ya chini, kuelekea Kyela, wanamjua swila, nyoka atemaye mate ya sumu, naye hulenga macho. Mbwa awindaye panya katika majani ndiye apatwaye kwanza. Sumu hiyo ikiingia jichoni tu aghalabu haiui, lakini huunguza kioo cha jicho. Dawa yake ni maji, maji mengi, upesi. Mmoja ashike kope wazi, mwingine amwage maji safi polepole kwa dakika 15 hata 20. Wengi hukimbilia maziwa. Kama maji hayapo karibu, maziwa ni afadhali kuliko kungoja, lakini hayapiti maji kwa lo lote. Usisugue. Baada ya hapo ni kumpeleka kwa mganga, maana kidonda hubaki, na lile tulilosema juu ya steroidi ndipo lipasapo kukumbukwa. Mtu naye akipatwa, huoshwa vivyo hivyo, kisha huenda hospitali. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe ikimrukia mbwa machoni, huoshwa vivyo hivyo.

Tumesema dawa ya ng'ombe, na hapo tuna neno la kunong'ona, kwa kuwa katika wilaya yetu ya ng'ombe wa maziwa kila nyumba ina chupa ya ivamektini. Mbwa akipata upele, mwenye nyumba huvuta sindano ya ng'ombe akamdunga. Hebu tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Sindano ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na ng'ombe hupewa mililita 1 kwa kila kilo 50. Mbwa wetu wa kawaida ana kilo 10 hivi, hata sehemu ya tano ya mililita ingekuwa kipimo kizima cha ng'ombe kwa uzito wake. Mtu amdungaye mililita moja, kwa kuwa alama hiyo ndiyo isomekayo vizuri, amempa mara tano. Mbwa aliyezidishiwa hivyo aweza kuanza kuyumba, mboni zikapanuka zisijibane kwa mwanga, akagonga kuta kwa upofu. Wengi hupona baada ya siku kadhaa wakitunzwa, wengine hufa, na mbwa wa jamii ya koli, waliozaliwa na kasoro katika ubongo ya kutozuia dawa hiyo, hudhurika hata kwa kipimo kidogo. Upele una dawa zake za mbwa. Tusiwe makarani wa kukosea nukta ya desimali.

Sasa maradhi ya damu. Kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia huambukiza ugonjwa uitwao erlikia, uliotambuliwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935. Mbwa hupata homa, hukonda, hutokwa damu puani, na jicho hugeuka ndani: damu huonekana nyuma ya kioo, au ukungu, au upofu wa ghafula. Dawa yake ni doksisiklini kwa majuma yapatayo manne, chini ya mganga. Mafuta ya macho hayatoshi. Kadhalika ndorobo. Huku milimani kwetu hatuna shida naye sana, lakini watu wetu tangu siku za dhahabu ya Lupa wamezoea kwenda Chunya, na wengine huenda na mbwa. Mbwa arudiye kutoka nchi ya ndorobo akiwa na homa, uso umevimba, na macho yote mawili yamekuwa ya buluu iliyofifia kama maziwa yaliyotiwa maji, apimwe damu kwa hadubini. Tusiseme ni uzee.

Distempa nayo huanza machoni na puani kwa usaha, kisha kikohozi, kuhara, na mwisho kifafa na kutetemeka. Huua watoto wa mbwa wengi, na hupita kwa wanyama wengine: katika mwaka 1994 ugonjwa huo ulipoingia Serengeti, theluthi moja hivi ya simba wake walikufa. Haina dawa, ila ina chanjo. Na ugonjwa wa ini wa mbwa, ambao nao una chanjo, humwacha mbwa aliyepona na jicho la buluu kwa muda wa majuma. Hilo mara nyingi husafika lenyewe.

Mwenzetu wa hospitali alituuliza juzi juu ya usubi, kwa kuwa halmashauri zetu za Rungwe, Busokelo na Kyela zimejulikana kwa ugonjwa huo na dawa imekuwa ikigawiwa vijijini: je, mbwa aweza kuwa ndiye autunzaye? La. Mnyoo wa usubi wa watu hukaa ndani ya mtu, na huchukuliwa na inzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi. Trakoma pia ni ya watu. Tusimbebeshe mbwa mzigo usio wake.

Mzigo wake ni mwingine, nao ndio tuliosema mwanzo kuwa hapana budi tuufikie. Ni mnyoo wa utumbo wa mbwa, tokzokara. Mayai yake hutoka na kinyesi, hukaa katika udongo majuma kadhaa yakiiva, na mtoto achezaye uani hujilisha kwa mikono michafu. Ndani ya mtoto mnyoo haukui. Hutangatanga, na mara nyingine huingia jichoni, ukamharibia nuru ya jicho moja bila maumivu, hata wazazi wakatambua shuleni tu asipoona ubao. Watoto wa mbwa huzaliwa nao tayari, kwa kuwa mama huwapa tumboni. Kwa hiyo wapewe dawa ya minyoo tangu majuma mawili, warudiwe kila majuma mawili mpaka waachishwe ziwa, na mama pamoja nao. Kinyesi kizolewe na kufukiwa. Mwanachama atakayefanya hili peke yake, na kusahau mengine yote ya leo, hatutamlaumu.

Mengine tutayapita upesi. Watoto wa mbwa hufungua macho kati ya siku ya 10 na ya 14; wasifunguliwe kwa nguvu, ila kope likivimba kwa usaha kabla ya wakati, likandwe kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, na mganga aitwe. Nyama nyekundu kama tunda dogo ikitokea kona ya ndani ya jicho, isikatwe kwa wembe: ni tezi ya machozi iliyotoka mahali pake, hurudishwa kwa kushonwa, na mbwa aliyekatwa aweza kukaukiwa jicho maisha yake. Jicho lililokuwa gumu na kuvimba, na mboni kubwa isiyojibana, ni presha ya jicho. Hapo hesabu ni ya saa, si ya siku. Jicho likitoka kabisa mahali pake kwa kupigwa au kuumwa, lifunikwe kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi, lisisukumwe, na safari ianze mara moja.

Na ukungu wa uzee? Mbwa wa miaka minane hivi huanza kuwa na rangi ya kijivu-buluu ndani ya mboni, naye bado aona, tumwache. Weupe kamili kama ganda la yai ndio mtoto wa jicho, na akiwa pia anakunywa maji mno, anakojoa mno na anakonda, apimwe kisukari, kwa maana kisukari cha mbwa huleta mtoto wa jicho upesi.

Askari angali hai. Amekuwa chongo, na tumeona ya kuwa hukosea umbali: huruka mfereji akatua katikati ya maji. Tumejifunza kumwita kwa upande wa kulia, kutomshtua usingizini, na kutohamisha magogo na viti uani bila sababu. Kazi yake ya usiku anaifanya kwa masikio.

Afisa Mifugo wa Kata amekubali kukaa nasi baada ya mkutano. Amekuja na fluresini na tochi, si na chanjo, kwa hiyo chanjo msimwombe leo. Walioacha mbwa nje chini ya mwembe na wawafunge kamba kwanza, kisha waingie mmoja mmoja.